Majitaka yangu yanatoka meupe kama maji ya dafu, lakini amonia imenigomea. Wataalamu wa vichujio vya bakteria karibuni

#1 Fundi Chemba

Wakuu salaam. Miaka yote humu nasoma na kupita, leo nimekuja na langu. Kazi yangu ni majitaka. Nikiulizwa kwenye harusi nafanya nini huwa najibu "mambo ya maji", naishia hapo hapo, maana bado biryani haijaletwa.

Niko pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye hoteli ya vyumba 22. Jina naliacha. Ardhi ya huku ni maweni. Ukichimba shibiri mbili unagonga jiwe la matumbawe ya kale, na jiwe lenyewe lina matundu kama chila. Kwa hiyo ukimwaga kitu chini usitegemee udongo ukuchujie, udongo wenyewe haupo. Kinapita kwenye matundu, kinaingia kisimani, kisha kinatokea ufukweni pale pale mgeni anapotandika taulo lake.

Niliitwa kwa sababu kisima cha hoteli kilipimwa nitrati ikakutwa 90 na kitu, miligramu kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 50. Mwenye hoteli akasema mbona tuna karo kubwa la kisasa, vyumba vitatu, mita za ujazo 30, halijawahi kufurika?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Karo haliondoi naitrojeni. Linatuliza tope, linashika mafuta kiasi, linapunguza uchafu unaooza. Lakini naitrojeni nyingi ya binadamu inatoka kwenye mkojo, nayo imeyeyuka, haitulii chini. Inaingia kama yurea, inatoka upande wa pili kama amonia, karibu yote. Mtu mmoja anatoa gramu 10 hadi 12 za naitrojeni kwa siku. Hoteli ikijaa, wageni na wafanyakazi tuko kama 60. Nikipiga kwa 12 napata gramu 720, tuseme robo tatu ya kilo kila siku ya Mungu, ndani ya lita 9,000 za majitaka. Ni miligramu 80 kwa lita. Yakimwagwa kwenye jiwe lenye matundu, kisima kitasalimika vipi?

Nikajenga hivi. Baada ya karo, pampu inapandisha maji juu ya matangi mawili ya plastiki ya lita 5,000, yamekatwa vichwa, yametobolewa chini yapitishe hewa. Ndani nimejaza vipande vya paipu za umeme za milimita 20, tumezikata sentimita tatu tatu. Vijana wawili walikata wiki nzima wakilaani siku waliyozaliwa. Maji yananyunyizwa juu, yanateleza kwenye vipande, hewa inapanda yenyewe kutoka chini. Hakuna mashine ya kupuliza. Tangi la kwanza likimaliza, maji yanaingia la pili, halafu yanapita kwenye kitalu cha kokoto chenye matete, halafu minazini.

Ukifunua tangi la kwanza unakuta ute mnene wa kijivu, unaning'inia kama uji uliomwagika. La pili halina hivyo. Lina utando mwembamba wa kahawia, ukipitisha kidole unateleza kama ndani ya mtungi wa zamani. Ule utando ndio wafanyakazi wangu.

Ilinichukua wiki sita kuuotesha. Amonia ikashuka hadi 3. Mwenye hoteli akanipa mkono, nikanunua viatu.

Sasa tangu mwezi uliopita amonia imepanda hadi 36 na haishuki. Maji meupe, hayanuki, pampu nzima, utando upo, wala haujabadilika rangi. Nimezibua vinyunyizio, nimefungua matundu ya hewa zaidi. Wapi. Nimekwama, wakuu.

#2 Nyumba Kumi

Nimeweka kambi hapa. Nasubiri nondo.

#3 Mbuzi wa Kafara

Bila picha hii ni chai. Bakteria gani anakula mkojo? Mimi najua bakteria wanaleta kipindupindu.

#4 Fundi Chemba

Mkuu #3, picha ya majitaka utaifanyia nini, uiweke kwenye fremu?

Hawa bakteria si habari za jana. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, aliwatenga na kuwaeleza karibu na mwaka 1890. Kule Salford, Uingereza, mwaka 1893 walikuwa tayari wananyunyizia majitaka juu ya rundo la mawe, kazi ile ile ninayofanya na vipande vya paipu. Wapo wa aina mbili wanaopokezana. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili linachukua nitriti na kuigeuza nitrati. Chakula chao ni hiyo amonia, na hewa wanaihitaji nyingi kweli kweli: kila gramu moja ya naitrojeni inakula gramu 4.57 za oksijeni.

Tena ni wazito kuzaliana. Bakteria wa kawaida anayekula mabaki ya chakula anaongezeka maradufu ndani ya nusu saa. Hawa wa amonia siku nzima inaweza kupita hajaongezeka maradufu. Ndiyo maana nina matangi mawili. Ukiwaweka pamoja kwenye maji machafu sana, wale walafi wanajaa kila mahali, wanamaliza hewa, na hawa wapole wanasukumwa nje.

Na kwa wanaosubiri nondo: usiku ukienda pale na tochi utaona vidudu vidogo vyenye mabawa yenye manyoya, vinakaa ukutani kama vimebandikwa. Wenzetu Waingereza wanaviita nzi wa vichujio, mimi naona ni nondo kabisa. Kwa hiyo nondo zipo, njooni mchukue.

#5 Kambale wa Mbezi

Fundi, mimi nafuga kambale kwenye matangi, maji nayazungusha, kwa hiyo huo ugonjwa naujua kwa jina na ukoo. Swali la kwanza: kuna mtu amemwaga dawa? Mwaka juzi mke wangu alisuuza ndoo ya klorini kwenye mfereji unaoingia kwenye kichujio changu. Ndoo moja tu. Nilipoteza mwezi.

#6 Fundi Chemba

Hilo lilishanikuta, mzee, miezi minane iliyopita. Mtu wa bwawa la kuogelea alitia klorini nyingi usiku kuua ukijani, asubuhi akaona imezidi, akafungulia maji nusu bwawa yaende "kwenye mfereji". Mfereji gani? Chemba yangu. Nilipofika saa mbili utando ulikuwa umepauka, unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Amonia kutoka 3 hadi zaidi ya 50 ndani ya siku mbili.

Nilikwenda hoteli ya jirani yenye mtambo unaofanya kazi, nikaomba vipande vyao vya plastiki vyenye utando, nikabeba madumu manne nyuma ya bodaboda, nikayamwaga kwenye tangi la pili. Hata hivyo zilipita wiki tano. Tangu siku hiyo bwawa lina mfereji wake na kufuli ninayo mimi.

Lakini safari hii si klorini. Utando mzima.

#7 Dawa ya Karo

Wakuu suluhisho ni rahisi. Ninao unga wa bakteria hai, pakiti moja unamwaga chooni, karo halijai miaka 10, harufu kwisha, amonia kwisha. Nicheki pembeni kwa bei ya uzinduzi.

#8 Kambale wa Mbezi

Huyu naye. Boss, karo halina hewa ndani. Bakteria wa amonia bila hewa hafanyi kazi hata ukimlipa posho. Na wale wanaoozesha kinyesi bila hewa wanaingia karoni kila siku na kinyesi chenyewe, bure, bila pakiti.

Fundi, turudi kwenye kazi. Mimi nikiona amonia inapanda na utando mzima, naangalia vitu viwili: pH, yaani kipimo cha tindikali (7 ni katikati, ikishuka chini yake tindikali imezidi), na nitriti. pH yako ngapi? Na nitriti?

(Kwa wafugaji wanaosoma: nitriti ndiyo muuaji wa kimya. Damu ya samaki inakuwa ya kahawia kama chokoleti, anatweta kwenye maji yenye hewa tele. Weka chumvi ya kawaida kidogo kwenye maji, kloridi yake inaizuia nitriti isipenye kwenye mashavu, huku unatafuta chanzo.)

#9 Mtoto wa Maweni

Mimi nataka kuuliza tofauti. Bibi yangu analima mwani. Miaka hii ufukweni kwetu pana majani ya kijani laini kama leso za karatasi, yanajaa kwenye kamba, yanafunika mwani wake. Hoteli zinasema si zetu. Ni nani basi?

#10 Fundi Chemba

Mtoto wa Maweni, shikamoo kwa bibi. Yale majani laini ya kijani yanapenda naitrojeni kuliko kitu chochote. Yakijaa sehemu moja, karibu na mahali maji matamu yanapochuruzika kutoka kwenye jiwe wakati bahari imekupwa, nenda pale ukaonje. Kama si chumvi kali, yale ni maji ya ardhini, na yamebeba vya kwetu: vyoo vya hoteli na vya vijiji vyote. Sikudanganyi kwamba kila mwani unaokufa umeuawa na hoteli. Bahari nayo imepata joto, na mwani mnene ule wa bei nzuri haupendi joto. Lakini hayo majani ya kijani mimi nisingesema "si zetu".

Kambale, pH nimepima sasa hivi. 5.9. Nitriti karibu hakuna. Nitrati 41 (hizi zangu nahesabu uzito wa naitrojeni peke yake, si wa nitrati nzima, kwa hesabu hiyo ile 50 ya maji ya kunywa ni kama 11).

#11 Kambale wa Mbezi

5.9!! Fundi, umewatumbukiza watu kwenye siki.

Hawa bakteria wakigeuza amonia wanatoa tindikali. Kitu kinachoizima hiyo tindikali ni alkaliniti ya maji, na inaliwa: gramu 7.14, kwa hesabu ya chokaa, kila gramu moja ya naitrojeni. Ikiisha, pH inaporomoka, na ikishuka chini ya 6.5 hivi bakteria wanapunguza mwendo, kwenye 6 wanakunja mikono. Hawajafa. Wamegoma. Mimi hutundika mfuko wa makombe ya chaza kwenye tangi.

Ila sielewi. Uko juu ya jiwe la matumbawe, ambalo ni chokaa tupu. Maji yako ya kisima yanatakiwa yawe na alkaliniti ya kumwaga. Mmebadilisha maji?

#12 Fundi Chemba

Kambale.

Mmebadilisha maji.

Wakuu, nimekaa chini. Mwezi uliopita, BAADA ya kisima kukutwa na nitrati, mwenye hoteli amefunga mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Vyumba vyote sasa vinatumia maji hayo. Mimi nilishangilia, nikasema afadhali wageni hawatakunywa nitrati. Maji ya mtambo ule yamevuliwa kila kitu. Nimepima sasa hivi alkaliniti: 20. Ya kisima ni 300.

Ngoja nipige hesabu vizuri, narudi usiku.

#13 Jahazi254

Salamu kutoka Mombasa. Nafuatilia, ila kwa nini ujisumbue na matangi na pampu? Nairobi majitaka mengi yanaenda kwenye mabwawa ya Dandora kule Ruai, jua linafanya kazi, stima hakuna. Na hapa kwetu gereza la Shimo la Tewa walijengewa kitalu cha matete cha kusafisha majitaka kabla hayajaingia creek. Kwani hoteli haiwezi?

#14 Fundi Chemba

Ndugu yangu wa Mombasa, mabwawa ni mazuri kama una ardhi. Sisi bara tunayo pia, Moshi kule Mabogini maji ya mabwawa yanakwenda kwenye mashamba ya mpunga, na naitrojeni inageuka wali. Ardhi ikiwepo ningechimba mabwawa kesho, ningelala usingizi. Kwenye bwawa mwani mdogo wa majini unakula amonia, na mchana jua kali pH inapanda kupita 9, amonia nyingine inapaa kama hewa. Tatizo ule mwani ukitoka na maji, naitrojeni imetoka nayo, imevaa nguo ya kijani tu.

Hoteli yangu imebakiza mita chache kati ya ukuta na minazi. Nikisema nachimba bwawa, watafungua chumba cha 23 hapo hapo.

Kitalu cha matete ninacho. Watu wanadhani matete ndiyo yanayonywa uchafu. Yanakunywa kidogo, na usipoyakata na kuyatoa yanaoza na kurudisha. Kazi kubwa ni bakteria kwenye kokoto. Na kitalu kikiwa kimejaa maji wakati wote, hewa haifiki chini, amonia inaingia na kutoka bila kusalimiwa.

#15 Fundi Chemba

Nimerudi. Hesabu hii hapa, anayejua anisahihishe.

Naitrojeni 80 kwa lita. Yurea ikivunjika kuwa amonia inaongeza alkaliniti, gramu 3.57 kwa gramu moja. Hapo napata 286. Jumlisha 20 ya maji ya mtambo wa chumvi, 306. Bakteria wanahitaji 7.14 mara 80, yaani 571. Kwa 306 wanaweza kugeuza naitrojeni kama 43 tu, kisha wanaishiwa. Inabaki 37.

Mimi nimepima 36.

Nimecheka peke yangu chumba cha pampu mpaka mlinzi akaja kuangalia. Zamani, na maji ya kisima: 286 na 300 ni 586, inatosha 571, ndiyo maana ilikuwa inashuka hadi 3. Kumbe sikuwa fundi hodari, jiwe la maweni ndilo lilikuwa linanibeba.

Kesho namwaga magadi, yarudishe alkaliniti.

#16 Tope la Rotterdam

Fundi, naomba nikuingilie kabla hujamwaga. Niko Uholanzi, kazi yangu inafanana na yako, tofauti ni baridi.

Ulipokuwa na amonia 3, nitrati ilikuwa ngapi?

#17 Fundi Chemba

75 hivi. Kwa nini?

#18 Tope la Rotterdam

Basi naitrojeni ilikuwa haijaondoka. 80 imeingia, 3 na 75 ni 78 imetoka. Ulikuwa umeibadilisha jina. Kilichoharibu kisima cha hoteli ni nitrati, na mtambo wako ulikuwa unatengeneza nitrati nzuri, safi, tayari kwa kuingia kwenye jiwe.

Samahani kama nimekuwa mkali.

#19 Mbuzi wa Kafara

Aisee. Kimeumana.

#20 Nyumba Kumi

Fundi rudisha viatu.

#21 Fundi Chemba

Mkuu wa Rotterdam, hujawa mkali. Nilisoma ujumbe wako saa tano usiku, nikazima simu, nikaiwasha tena. Ni kweli. Nilikuwa napima amonia tu kwa sababu amonia ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya kazi, na kwa sababu inashuka vizuri machoni: tone la dawa, kijani inageuka njano, bosi anafurahi.

Haya, nifundishe hatua ya pili.

#22 Tope la Rotterdam

Hatua ya pili unayo tayari, ila umeipanga nyuma mbele.

Kuna bakteria wengine, wale walafi wako wa kijivu na ndugu zao, ambao wakikosa oksijeni ya kuvuta wanainyang'anya nitrati. Wanachukua oksijeni iliyo ndani yake, kinachobaki ni gesi ya naitrojeni. Inapanda kama vipovu na kwenda zake hewani, ambako asilimia 78 ya hewa ni hiyo hiyo. Hapo ndipo inakuwa imeondoka.

Wanataka mambo mawili: pasiwe na hewa, na pawe na chakula cha kaboni. Kitalu chako cha matete hakina hewa, sawa, lakini maji yakifika pale hayana chakula, walafi walishamaliza kwenye tangi la kwanza. Sasa tafuta sehemu ya mtambo wako isiyo na hewa na yenye chakula tele.

#23 Kambale wa Mbezi

Karo!

#24 Tope la Rotterdam

Karo. Chukua maji yanayotoka tangi la pili, yenye nitrati, yarudishe mwanzo wa karo. Ukirudisha kiasi sawa na kinachoingia, unaweza kuondoa hadi nusu ya naitrojeni. Ukirudisha mara mbili, theluthi mbili. Mara tatu, robo tatu. Zaidi ya hapo unachoma umeme, na unaanza kupeleka hewa karoni, ambayo huitaki.

Na zawadi juu yake: kila gramu ya nitrati ikigeuka gesi inakurudishia alkaliniti 3.57. Ile ile uliyopoteza, nusu yake inarudi bure. Piga hesabu yako upya kabla ya kununua magadi.

Huku kwetu tuna njia ya mkato. Bakteria waitwao anamoksi wanachukua amonia na nitriti moja kwa moja na kutoa gesi, bila kaboni. Walijulikana Delft miaka ya 1990, na mtambo mkubwa wa kwanza ukawashwa hapa Rotterdam mwaka 2002. Lakini hao wanafanya kazi kwenye maji ya vuguvugu yenye amonia kali yanayokamuliwa kwenye tope, na ni wavivu kuzaliana kuliko wako. Usiwaote.

#25 Fundi Chemba

Siwaoti, mkuu. Mimi bado nagombana na mtu wa bwawa.

Hesabu mpya, nikirudisha mara mbili: theluthi mbili ya 286 inarudi, ni 191. Nina 306, jumla 497. Nahitaji 571. Pengo 74 kwa lita, kwa lita 9,000 ni kama gramu 670 za chokaa kwa siku. Hiyo ni kilo moja ya magadi na ushee, kwa kuwa yetu ya sokoni yana mchanga ndani. Bila kurudisha maji ningehitaji zaidi ya mara tatu na nusu ya hapo, kila siku, na sodiamu yote ile minazini.

#26 Mzee wa Tanuu

Vijana mnanunua magadi na mmekalia chokaa. Pasueni mawe ya maweni saizi ya kokoto, yale ya machimbo, si matumbawe hai baharini, mtafungwa na mtastahili. Yawekeni tangi la pili, tabaka la chini. Maji yakiwa na tindikali yanalilamba jiwe yenyewe, yakitulia yanaliacha. Hakuna kupima kilo. Sisi chokaa ya kuchoma tumeitumia miaka, hiyo msiitie kwenye mtambo, ni kali, mkikosea kijiko pH inaruka na kuua hao wadudu wenu.

#27 Fundi Chemba

Mzee shikamoo. Nimechukua hilo. Mawe yakishikwa na utando yataacha kuyeyuka haraka, kwa hiyo nitayaweka kwenye kapu la waya niweze kulitoa na kulipiga maji. Magadi nitayaweka akiba kwa siku za hoteli kujaa.

#28 Muscat Kwetu

Mashaallah, uzi mzuri. Huku Muscat maji yaliyosafishwa ndiyo yanamwagilia bustani za barabarani, na pale Al Ansab mabwawa yake yamekuwa makazi ya ndege, watu wanakwenda na kamera. Swali: maji yako ya minazi mtoto akiyachezea?

#29 Fundi Chemba

Asichezee. Kichujio hiki kinapunguza vijidudu vya maradhi, hakivimalizi. Virusi na mayai ya minyoo vinaweza kupita, na mabaki ya dawa za hospitali mengine yanapita yakitabasamu. Minazi yangu inanyweshwa kwa paipu iliyofukiwa, si kwa kurusha juu. Na bado nabanwa na viwango vya nchi. Wenzetu wa bara kanuni zinataka uchafu unaooza, ile BOD, usizidi 30 kwa lita ukimwaga nje, nami huo ndio ninaolenga hapa.

#30 Fundi Chemba

MREJESHO, wiki ya tano.

Nimefunga pampu ndogo, paipu inarudi chumba cha kwanza cha karo, imezamishwa, mdomo umegeuzwa ukutani maji yaingie taratibu. Siku ya kwanza niliielekeza katikati, ikakoroga tope lote, vinyunyizio vikaziba mpaka jioni, nikalala nanuka. Msirudie.

Siku ya tatu nilifunua mfuniko wa karo nikasikia mlio, kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili. Vipovu vidogo vidogo, vinapanda na kubeba vipande vya tope juu, vinapasuka, tope linashuka tena. Nilichuchumaa pale nusu saa. Ile harufu ya mayai viza nayo imepungua, sikuitegemea.

Vipimo vya leo asubuhi, kutoka tangi la pili: pH 7.1. Amonia 2. Nitrati 26. Ikiingia 80, inatoka 28. Kisima bado 80 na kitu kwa nitrati nzima, hicho kitachukua muda maana jiwe limenyonya ya miaka, na majirani nao wanamwaga.

Mwenye hoteli nilimwonyesha karatasi. Akauliza mbona amonia ilikuwa 3 zamani na sasa 2, tofauti iko wapi ya kununua pampu? Nikamweleza nitrati. Akasema sawa, lakini uso wake haukusema sawa.

#31 Tope la Rotterdam

26! Kwa hesabu ya karatasi ulitakiwa upate karibu 27. Hongera. Jaribu mara tatu msimu wageni wakipungua uone.

#32 Mtoto wa Maweni

Fundi, bibi anauliza unaweza kuja kuongea na kamati ya kijiji? Shule yetu wanajenga vyoo vipya, karo tayari limechimbwa, mita 15 kutoka kisimani.

#33 Fundi Chemba

Alhamisi, baada ya alasiri. Niambie kisima kina kina gani, na watoto wangapi. Na waambie wasimwage zege kwanza.